Kuoa, Kuolewa, Kuozwa na Kujioza: Sarufi ya Ndoa katika Maisha ya Sayyida Salme binti Said (1844–1924)



Nianze kwa kutoa shukrani kwa kualikwa kutoa mhadhara huu wa hadhara. Kusimama mbele ya hadhira inayokipenda Kiswahili ni heshima kubwa, na kwa mtu wa umri wangu, aliyekwisha kusahihisha mitihani mingi kuliko anavyopenda kukumbuka, ni faraja pia.

1.0 Utangulizi

Mada niliyopewa ni maisha na ndoa za wahenga wetu katika karne ya kumi na tisa. Mimi si mwanahistoria, wala si mwanasheria. Kazi niliyoifanya kwa miaka yote ya utumishi wangu ni ya sarufi: kukichukua kitenzi, kukinyambua, na kuuliza ni nani hutenda, nani hutendwa, na nani hufichwa nyuma ya kauli. Kwa hiyo nitaingia katika nyumba ya wahenga kwa mlango ninaoufahamu, nao ni kitenzi kimoja kifupi sana: oa.

Mhenga niliyemchagua anajulikana na wengi wenu. Ni Sayyida Salme binti Said, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kufariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akiwa na jina la Emily Ruete. Habari zake zimeandikwa mara nyingi, na mara nyingi zimeandikwa kama kisa cha mahaba: binti mfalme, kijana wa Kijerumani, jahazi la usiku. Sikuja kukirudia kisa hicho. Nimekuja kuuliza swali ambalo wasimulizi hulipita haraka: je, kwa Kiswahili, Salme alifanya nini? Aliolewa? Alioa? Aliozwa? Alitoroshwa?

Hoja yangu ni hii. Sarufi yetu ya ndoa ina nafasi za watu watatu, nasi tumezoea kuwataja wawili tu. Mtu wa tatu, yule anayeoza, ndiye anayetuwezesha kuifahamu ndoa ya karne ya kumi na tisa. Tukimrejesha katika masimulizi, tutamwona Salme vizuri zaidi. Na, jambo ambalo kwangu ni zito kuliko hilo, tutaanza kuwaona wanawake wengine katika koo zetu ambao hawakuwahi kupewa kitenzi hata kimoja.

2.0 Kitenzi oa na watu wake watatu

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza waniwie radhi, kwani nitarudia somo lao. Tuitazame mifano hii:

Juma amemwoa Asha.
Asha ameolewa na Juma.
Mzee Ali amemwoza Asha kwa Juma.

Katika sentensi ya kwanza mwanamume ni kiima na mwanamke ni yambwa. Katika ya pili mwanamke amepandishwa kuwa kiima, lakini kwa kauli ya kutendwa. Sauti l inayojitokeza katika olewa haihitaji kutushughulisha. Ni ileile tuionayo katika chukua na chukuliwa. Linalotushughulisha ni kwamba kauli hizi mbili, ambazo kwa vitenzi vingine hubadilishana kwa urahisi, hapa zimegawiwa jinsia. Msemaji wa Kiswahili hasemi kwa uzito kwamba Asha amemwoa Juma. Akisema hivyo, au akisema kwamba Juma ameolewa, anatoa kejeli: Juma amehamia kwa mke, analishwa na kuvishwa. Sarufi imegeuka kuwa kijembe.

Si kila lugha iko hivyo. Kijerumani, lugha ambayo Salme aliandikia kitabu chake, kina kitenzi heiraten, ambacho mwanamume na mwanamke hukitumia sawasawa, wote wawili kwa kauli ya kutenda. Kiarabu, lugha ya baba yake, kina zawwaja kwa anayeoza, na tazawwaja kwa anayeingia katika ndoa, awe mume au mke. Kiswahili, lugha ambayo Salme alikua akiisikia kutwa nzima, humtaka mwanamke aolewe.

Sentensi ya tatu ndiyo kiini cha mhadhara huu. Kauli ya kutendesha, oza, ambayo wengine husema ozesha, inamleta mtu wa tatu. Huyu ni baba, kaka, ami, au kadhi anaposhika nafasi yao. Kisheria anaitwa walii. Katika madhehebu mawili yaliyokuwa na wafuasi wengi Unguja, yaani Ibadhi na Shafi, nikaha ya mwanamke hupita mikononi mwa walii wake. Kwa hiyo kila tunaposema fulani aliolewa na fulani, nyuma ya kauli hiyo ya kutendwa wamesimama watendaji wawili: aliyeoa na aliyeoza. Kiswahili cha kila siku humtaja wa kwanza kwa kiunganishi na, kisha humwacha wa pili kizani.

Yako maumbo mengine. Kuna oana na oleana, yanayofaa sana tunapozungumzia koo mbili zilizochanganya damu. Na kuna umbo moja ambalo halina kasoro yoyote ya kisarufi, lakini likitamkwa barazani huwa ni lawama: kujioza. Mwanamke aliyejioza ni yule aliyekalia viti viwili kwa pamoja, cha anayeolewa na cha anayeoza. Naomba tulihifadhi umbo hilo. Tutalihitaji tutakapofika Aden.

3.0 Mama asiye na kitenzi

Ili tumfahamu binti, tuanze na mama. Mama yake Salme aliitwa Jilfidan. Alikuwa Mcherkesi, mtu wa nchi za Kaukazi, aliyenyakuliwa utotoni katika vita, akauzwa, na hatimaye akaingia katika nyumba ya Sayyid Said akiwa bado mtoto mdogo. Alipokua akawa suria wake.

Tuutazame msamiati. Kiswahili kina nomino suria, iliyotokana na Kiarabu, na wingi wake masuria. Kina nomino dhahania usuria. Kitenzi cha ndoa hakina. Suria hakuposwa, hakutolewa mahari, hakuozwa, hakuolewa. Vitenzi vinavyomhusu ni vya soko na vya nyumba: alinunuliwa, aliletwa, aliwekwa. Mtu wa tatu, yule wa kumwoza, hakuwepo, kwa sababu kilichomfanya mtumwa kilikuwa ndicho hicho: kukatwa na kila mtu ambaye angeweza kusimama kama walii wake. Palipokuwa na baba, pakasimama muuzaji.

Na bado sheria haikumwacha palepale. Suria aliyemzalia bwana wake hakuweza tena kuuzwa, na bwana alipofariki akawa huru. Mtoto wake alizaliwa mwungwana, mwenye haki ya kurithi sawa na mtoto wa mke wa ndoa. Salme anaeleza katika kumbukumbu zake kwamba baba yake alipofariki aliacha masuria sabini na watano, na watoto thelathini na sita waliokuwa hai, wa kiume kumi na wanane na wa kike kumi na wanane. Wote hao walizaliwa na masuria. Mke mkuu, Bibi Azza binti Seif, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Oman ambaye nyumba nzima ilimwogopa, hakuwa na mtoto. Aliyekuwa na kitenzi cha ndoa hakuacha kizazi. Kizazi chote kilitoka kwa wanawake wasiokuwa nacho.

Nyumba waliyoishi, Beit al-Mtoni, kaskazini ya mji, ina habari ya kumfurahisha mwanaisimu yeyote. Salme anasimulia kwamba amri ilikuwa kusema Kiarabu, na mbele ya bwana mkubwa amri hiyo ilifuatwa. Alipogeuza kisogo tu, kila mmoja alirudi katika lugha yake: Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kiswahili, Kinubi, Kihabeshi. Wanahistoria husoma ukurasa huo kama pambo. Mimi nausoma kama orodha ya njia za biashara ya watu. Kila lugha iliyosikika katika uga ule ilikuwa ni nchi ambayo mtoto wa kike alinyakuliwa.

4.0 Binti mwenye kalamu

Salme alizaliwa Beit al-Mtoni tarehe 30 Agosti 1844. Akiwa na umri wa miaka saba hivi alihamia na mama yake mjini, katika nyumba ya kaka yake Majid, Beit al-Watoro. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani. Kuandika hakukuwa sehemu ya malezi yao. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri. Aliinakili Kurani herufi kwa herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi wa zama zile.

Sayyid Said alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, alipokuwa njiani kutoka Oman kurudi Unguja. Majid akashika Unguja, na Thuwaini akashika Oman. Salme, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, akahesabiwa kuwa mtu mzima na kukabidhiwa sehemu yake ya urithi, fedha na shamba. Mwaka 1859 mama yake akafa kwa kipindupindu.

Mwaka huohuo ndugu yake Barghash aliinuka dhidi ya Majid. Njama hiyo ilihitaji barua, na barua zilihitaji mkono. Mkono uliopatikana ulikuwa wa msichana wa miaka kumi na mitano aliyejifunza kuandika kwa siri. Salme akawa katibu wa uasi. Uasi ulishindwa, Waingereza wakiusaidia upande wa Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Salme alibaki kati ya ndugu wawili: mmoja alikuwa amempinga kwa wino, na huyo ndiye mtawala, mwingine alikuwa amemtumikia, na huyo alikuwa mbali.

Nawaomba tuuone uzito wa jambo hili kwa sarufi yetu. Baba amekufa. Walii wa Salme sasa ni mtu wa damu yake wa upande wa baba, na aliye mbele ya wote hao ni Majid, ambaye pia ni Sultani. Nafasi ya anayeoza imeshikwa na mtu ambaye juzi tu alikuwa akipinduliwa kwa barua za mwandiko wa anayetakiwa kuozwa. Majid alimsamehe, na Salme mwenyewe anamsifu kwa wema wake. Lakini alipotimiza miaka ishirini, umri ambao wasichana wengi wa daraja lake walikwisha kuwa na nyumba zao, alikuwa bado hajaozwa.

Wakati huohuo, katika funguvisiwa la Lamu, mwanamke mwingine alishika kalamu kwa ajili ya kuolewa. Mwana Kupona binti Msham, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu ambaye alipambana na jeshi la babake Salme, alimtungia bintiye utendi mwaka 1858. Ni maandishi ya mwanamke aliyeolewa akimwandaa binti atakayeolewa. Jilfidan hakuweza kumwachia Salme wosia wa namna hiyo. Hakujua kuandika, na yeye mwenyewe hakuwahi kuolewa.

5.0 Ndoa ya Aden

Rudolph Heinrich Ruete alizaliwa Hamburg mwaka 1839 na kuja Unguja kwa biashara. Nyumba yake mjini ilipakana na ya Salme, na dari yake ilikuwa chini ya ile ya jirani yake. Walijuana. Salme akapata mimba.

Hapa sarufi inagonga ukuta. Kwa sheria ya Kiislamu mwanamume Mwislamu anaweza kumwoa mwanamke wa Kikristo; mwanamke Mwislamu haolewi na mwanamume asiye Mwislamu. Majid, hata kama angetaka, asingeweza kumwoza. Sentensi ya tatu ya somo letu haikuweza kutungwa Unguja. Na mimba ya nje ya ndoa kwa binti wa Sayyid Said ilikuwa ni hatari kwa maisha yake.

Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866, kwa msaada wa mke wa daktari Mwingereza aliyekaimu ubalozi, Salme aliingia katika manowari ya Kiingereza Highflyer na kupelekwa Aden. Ruete alibaki Unguja kukamilisha shughuli zake za biashara. Mwezi Desemba Salme alijifungua mtoto wa kiume hukohuko Aden. Tarehe 30 Mei 1867, baada ya Ruete kuwasili, alibatizwa kwa jina la Emily, na siku hiyohiyo wakafunga ndoa. Walielekea Ulaya mara moja. Mtoto wao alikufa njiani, nchini Ufaransa, kabla ya kuiona Hamburg.

Ni kitenzi gani kinachofaa? Wengi husema alitoroshwa. Kauli hiyo inamfanya mzigo, na inapingana na tarehe, kwani mtu anayedaiwa kumtorosha alibaki Unguja yeye akiwa melini. Wengine husema aliolewa na Mzungu. Ni kweli, lakini kauli hiyo inatufanya tumtafute aliyemwoza, naye hayupo: baba kaburini, na kaka Unguja. Siku ile Aden, katika umati wa watu wa dini nyingine na lugha nyingine, aliyekalia kiti cha walii wa Salme alikuwa Salme. Umbo lililo sahihi kisarufi na kihistoria ni lile linaloogopwa barazani: alijioza.

Silitumii neno hilo kumsifu wala kumlaani. Nalitumia kwa sababu linaeleza kilichotokea, na linaeleza gharama yake. Anayejioza huvunja kiungo cha mtu wa tatu, na kiungo hicho ndicho kilichokuwa kinamfunga na ndugu, urithi na mji. Yeye mwenyewe, katika kitabu kinene kilichojaa maelezo ya mavazi, vyakula, sikukuu na arusi za watu wengine, ameipitia ndoa yake katika sura fupi sana. Aliyekuwa na kalamu kwa kila jambo aliikunja kalamu alipolifikia hilo.

6.0 Majina mawili mawili

Hamburg alizaa watoto watatu katika miaka mitatu: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869, na Rosalie mwezi Aprili 1870. Miezi minne haijatimia tangu Rosalie azaliwe, tarehe 6 Agosti 1870, Ruete alifariki baada ya kugongwa na tramu. Salme alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano.

Mjane wa Unguja hukaa eda miezi minne na siku kumi. Eda ina uzito wake, lakini ina mlango pia: watu wanajua yuko wapi, nani anamhudumia, na atatoka lini. Mjane wa Hamburg hakuwa na eda wala ndugu wa kumtoa edani. Maisha yakawa magumu. Alihama kutoka mji hadi mji ndani ya Ujerumani, na baadaye aliishi miaka mingi Jaffa na Beirut. Alidai urithi wake kwa Barghash, aliyekuwa Sultani tangu mwaka 1870, ndugu yuleyule aliyemwandikia barua za uasi. Barghash hakumpokea. Mwaka 1885 alirudi Unguja, safari hii pamoja na manowari za Kijerumani, wakati serikali ya Bismarck ikimbana Sultani juu ya bara. Madai ya dada yakawa silaha ya dola. Alirudi tena mwaka 1888, na tena bila mafanikio. Kisheria jibu la Barghash lilikuwa na msingi, kwa kuwa aliyetoka katika Uislamu hamrithi Mwislamu. Kibinadamu tunaweza kuwahurumia wote wawili.

Lakini mwanaisimu huangalia pia majina. Antonie alipewa jina la pili, Thawka. Rudolph alipewa Said. Rosalie alipewa Ghuza. Kila mtoto alibeba jina la mitaani na jina la nyumbani, hata kama nyumbani huko hakuwahi kukuona. Desturi yetu haimbadilishi mwanamke jina kwa ndoa: aliyezaliwa binti Said hufa binti Said. Desturi ya Hamburg ilimfanya Bibi Ruete. Mama aliyepoteza nasaba yake katika jina lake mwenyewe aliipanda tena katika majina ya watoto. Mwanawe aliikubali mbegu hiyo: alijiita Rudolph Said-Ruete, na mwaka 1929 alitoa kitabu juu ya babu yake, Sayyid Said.

Mwaka 1886 Salme alichapisha mjini Berlin kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Aliacha pia mswada wa barua alizomwandikia rafiki aliyebaki nyumbani, zilizochapishwa mwaka 1993, miaka mingi baada ya kifo chake. Alizikwa Hamburg, katika makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na ukoo wa mumewe. Husimuliwa kwamba katika vitu vyake palikutwa mfuko wa mchanga wa pwani ya Unguja, ukazikwa naye.

Methali yetu inasema mkataa kwao mtumwa. Wako waliompima Salme kwa methali hiyo. Mimi huona ugumu. Aliyekuwa mtumwa katika ukoo huu hakuikataa nchi yake, alinyakuliwa. Na aliyeondoka kwa miguu yake alikuwa mwungwana, na alihesabu mchanga wa kwao miongoni mwa mali zake.

7.0 Ndoa ya upande wa pili

Mtu anaweza kusema kwamba tatizo la Salme lilikuwa dini na ukoo wake peke yake. Kisa cha mtu mwingine kinatusaidia kujibu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake juu ya posa, mahari, kungwi na fungate bado ni hazina kwetu, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Maelezo hayo yalitoka mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichohaririwa na Carl Velten. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Kwa Mtoro sarufi haikuwa na ugumu: yeye ni mwanamume, na kitenzi ni oa. Dini yake haikumzuia. Ndoa ilifungwa kwa sheria za Ujerumani.

Mwaka 1905 walisafiri kuja Afrika Mashariki. Walipofika Tanga, watawala wa Kijerumani walimkatalia kuteremka na mke wake. Walirudi Ulaya, na Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Basi Salme alifungiwa mlango na ndugu zake kwa hoja ya dini, na Mtoro alifungiwa mlango wa nchi yake mwenyewe na wageni kwa hoja ya rangi. Mlinzi wa mlango alibadilika, na neno lake likabaki lilelile: ndoa hii haitaingia.

8.0 Hitimisho: wahenga wasioandikwa

Mabibi na mabwana, Salme si malaika, wala sikumleta hapa avikwe taji. Alikuwa na shamba lililolimwa na watumwa, na katika kitabu chake ameutetea utumwa wa nchi za Mashariki, yeye ambaye mama yake alinunuliwa. Mjini Hamburg uwanja ulipewa jina lake mwaka 2019, kisha jina hilo likaondolewa kwa sababu ya maneno yake hayo. Unguja, mwaka 2015, yalifunguliwa makumbusho yenye jina lake. Miji miwili, hukumu mbili. Na zote mbili zina ushahidi mkononi. Mhenga hapimwi kwa kupendeza kwake. Hupimwa kwa ukweli tulio tayari kuusikia kutoka kwake.

Na ukweli ninaousikia mimi unamhusu zaidi mama yake. Salme alikuwa na kalamu, ndiyo maana tunazungumza habari zake usiku huu. Jilfidan tunamjua kwa sababu alimzaa mtu mwenye kalamu. Je, wale masuria wengine? Na wale wa nyumba zisizo za kifalme, za matajiri wa mashambani, za wafanyabiashara wa Tabora na Ujiji, za pwani yote kutoka Lamu hadi Kilwa?

Sheria yenyewe iliwasahau kwa kutumia neno. Dikrii ya mwaka 1897 iliyofuta hali ya utumwa Unguja na Pemba iliwatenga masuria: walihesabiwa kuwa wako nyumbani kama walivyo wake, hivyo wasiweze kudai uhuru wao isipokuwa kwa kuthibitisha ukatili. Ilibidi wangoje hadi mwaka 1909. Kwa miaka kumi na miwili neno mke, walilonyimwa walipokuwa wakitafutiwa heshima, walipewa ilipokuwa faida yake ni kuwafungia ndani. Sijui mfano ulio dhahiri zaidi wa kuonyesha kwa nini watu wa lugha hawana budi kuisoma historia.

Wengi wetu tuliomo ukumbini tuna karatasi ya nasaba nyumbani, au mzee anayeikariri. Itazameni. Upande wa wanaume majina yanafuatana bila pengo. Upande wa wanawake tutakuta binti fulani, binti fulani, kisha ghafla mstari uliokatika, au maneno haya: mama yake alikuwa mtu wa bara, mama yake alikuwa Mhabeshi. Pale ilipokosekana binti wa nani, pana mwanamke ambaye hakuozwa na mtu. Huyo naye ni bibi yetu. Damu yake haikupungua kwa kukosa kitenzi.

Ninalopendekeza kwa wanafunzi wetu ni jambo dogo linalowezekana. Mnapokusanya masimulizi ya wazee, msitosheke na sentensi kwamba bibi aliolewa na babu. Ulizeni maswali matatu. Nani alioa? Nani aliolewa? Nani alioza? Jibu la swali la tatu likiwa ni jina la baba au kaka, liandikeni. Likiwa ni jina la bibi mwenyewe, liandikeni pia, wala msilionee haya. Na likiwa ni kimya, msikijaze kimya hicho kwa neno mke ili nasaba ipendeze. Andikeni kwamba aliletwa, na kutoka wapi kama wazee wanakumbuka, na lugha gani aliimba alipokuwa akibembeleza watoto. Wazee wanaokumbuka nyimbo hizo wanapungua kila mwaka.

Kamusi zetu zina oa, olewa, oza, oana. Ni kazi yetu kuhakikisha kwamba historia zetu zina nafasi kwa wote walioishi ndani ya vitenzi hivyo, na kwa wale walioishi nje yake.